Doa Jeupe kwenye Jino la Mtoto

Kabla ya kugusa mdomo wa mtoto, Daktari wa Meno alimuuliza kwanza habari za ng'ombe wao.

"Yule mwenye pembe ndefu anaitwaje?"

Mtoto aliyeingia amebana midomo, ameng'ang'ania khanga ya mama yake kwa mikono yote miwili, alisahau alichokuwa akikiogopa. Alitaja jina la ng'ombe, akataja na rangi yake, akaeleza jinsi alivyomkanyaga kaka yake mguu. Muda wote huo Daktari wa Meno alikuwa ameinama, kichwa upande, akimsikiliza na kumchungulia kwa pamoja. Mtoto wa mjini asiye na ng'ombe aliulizwa habari za kuku. Hadithi ilipokwisha, na kazi ya kutazama ilikuwa imekwisha.

Hapo alimgeukia mama na kusema moja kati ya mambo mawili. "Bado mapema," au, "Tumechelewa." Sikumsikia hata siku moja akisema "umechelewa." Alijiweka na yeye ndani, kana kwamba alikuwa ameishi nyumbani kwa yule mama mwaka mzima, akilitazama lile jino likioza bila kufanya kitu. Na katika miaka niliyomfahamu, ya sabini mpaka karibu na mwisho wa themanini, "tumechelewa" aliisema mara nyingi mno kuliko "bado mapema."

Jina lake nalijua, lakini hakuna aliyemwita kwa jina. Wakubwa wa hospitali walisema yeye si daktari kamili, ni tabibu msaidizi, na ni kweli. Kwetu sisi wa kota za wafanyakazi pale Shinyanga alikuwa Daktari wa Meno basi. Mume wangu alikuwa karani wa hospitali hiyo, na nyumba tuliyopewa ilipakana na yake. Mkwaruzo wa kiti chake jioni tuliusikia chumbani kwetu. Mimi nilikuwa nafundisha shule ya msingi. Majirani wengine waliniita Mama Kabula, kwa jina la mwanangu wa kwanza. Yeye aliniita Mwalimu, hata siku aliyonikuta nimekaa chini nachambua mchicha.

Meno yake mwenyewe yalikuwa ya kahawia. Haukuwa uchafu, wala tumbaku, maana hakuvuta. Yalikuwa na mistari na madoa kama chuma kilichoshika kutu. Alikozaliwa sikumuuliza, lakini mtu yeyote wa upande wetu akiona meno ya namna ile anajua mwenyewe alikulia kwenye maji ya kisima kibaya. Wageni walicheka pembeni: daktari wa meno, na meno ndiyo hayo! Kwa hiyo alijifunza kuziba mdomo kwa kiganja akicheka, na kwenye picha zote za sherehe za hospitali ndiye mtu pekee aliyenuna.

Hata hivyo meno hayo yalikuwa magumu kuliko ya mtu yeyote mtaani. Alifungulia soda kwa meno, jambo alilowakataza wagonjwa wake wote. Alitafuna mifupa ya kuku mpaka paka wetu wakamnunia. Na chai yake! Aliweka sukari mpaka kijiko kikakaribia kusimama wima. Mke wa jirani mmoja alimuuliza siku moja mbona anawanyima watoto wa wenzake pipi na yeye anakunywa shira. Akajibu, "Mimi ni mfano mbaya. Wasinitazame mimi." Akaongeza kijiko kingine.

*

Kabula alipokuwa mdogo, ameshaota meno yote ya utoto, Daktari alikuwa akinisumbua kila jioni kwenye uzio. "Mwalimu, huyo mtoto nimtazame lini?" Nilimwambia meno yake ni mazuri, meupe kabisa. Akasema hao ndio anaowataka, wenye meno mazuri. Wenye mabovu wanakuja wenyewe.

Nikampeleka. Baada ya habari za kuku wetu, alimsogeza dirishani penye jua, akalifuta jino la mbele la juu kwa pamba mpaka likakauka, akaniita.

"Angalia hapa, karibu na fizi."

Mwanzoni sikuona kitu. Jino lilipozidi kukauka likajitokeza: doa jeupe, jeupe kuliko jino lenyewe, lisilong'aa, kama mtu aliyepitisha chaki hapo. Kabula alipolamba meno yake likapotea.

"Mimi nilidhani jeupe ndilo zuri," nilisema.

"Hilo si zuri. Hilo ni jino linaloanza kunyonywa."

Akanieleza kwa sauti yake ya taratibu, ambayo aliitumia kwa mganga mkuu na kwa mama wa kijijini bila kuibadilisha. Mtoto anapokula kitu kitamu, vijidudu vya mdomoni hutengeneza asidi, na asidi hiyo huchota madini kutoka kwenye ganda gumu la jino. Ikichota mara moja moja, mate hurudisha. Ikichota kila saa, kila siku, ganda hubaki na vitundu visivyoonekana kwa macho, ndiyo maana mahali pale panakuwa peupe na pakavu. Tundu la kuingia sindano halijatokea bado.

"Ni kama ukuta wa tope ulionyeshewa," alisema. "Udongo umemomonyoka, lakini ukuta wenyewe umesimama. Ukiukandika sasa unapona. Ukisubiri uanguke, utakandika nini?"

"Na cha kukandikia ni nini?"

Hilo ndilo swali alilolipenda kuliko yote. Alitoa tyubu ya dawa ya mswaki kwenye mfuko wa koti lake jeupe, akakamua kidogo kwenye kiganja, akaanza kuichambua kwa kidole kama mtu anayechagua mbegu.

"Humu mna vitu vingi, Mwalimu. Povu lake ni sabuni, halitibu kitu. Ubaridi ni mnanaa, unakufurahisha wewe. Huu unga unaokwaruza ni chokaa, kazi yake kusugua uchafu. Utamu ni wa kumbembeleza mtoto. Kinachotibu ni kimoja tu, na hukioni wala hukisikii ulimini. Floraidi. Ikikaa juu ya jino, madini yaliyo kwenye mate yanarudi ndani kwa urahisi, na pale yaliporudi panakuwa pagumu kuliko mwanzo."

Nilitakiwa nimpigishe Kabula mswaki asubuhi na kabla ya kulala, dawa kiasi cha punje ya mchele, si kama wanavyochora kwenye boksi. Ateme, asimeze. Asisukutue kwa maji mengi. Na vitu vitamu ale pamoja na chakula, si kutwa nzima. Siku zile dawa ya mswaki ilipatikana, si kila siku, lakini ilipatikana. Nilifanya kama alivyosema.

Muda ulipita, Daktari akamwita Kabula tena. Alimweka dirishani, akalikausha jino, akalitazama kulia na kushoto, kisha akatoka mbio mlangoni na kumwita muuguzi.

"Njoo uone!"

Muuguzi alikuja amebeba beseni, akainama. "Nione nini, Daktari?"

"Hapa, juu ya jino hili."

"Mbona sioni kitu?"

"Ndiyo hicho!" alipiga kelele, na kwa mara ya kwanza nikamwona akicheka bila kuziba mdomo. "Ndiyo hicho ninachokuonyesha!"

Muuguzi alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mwanamke aliyepanga karibu na kichaa, akaenda zake na beseni lake. Daktari alikuwa bado ameshika kidevu cha Kabula, anatazama mahali pasipo na kitu.

Nimefikiri sana juu ya kazi ya namna ile. Fundi wa mguu uliovunjika anaonyesha mtu anayetembea. Yeye alipofaulu hakubaki na cha kuonyesha. Kovu lenyewe halikuwapo. Na mama ambaye mwanawe hakuugua hana habari kwamba alikuwa karibu augue.

*

Baadaye nilihamishiwa shule ya kijiji kimoja upande wa Samuye, nikawa narudi mjini mwisho wa juma. Siku ya kwanza darasani niliwaambia watoto wajitambulishe, na kila aliyesimama na kutabasamu nilimwona Daktari wa Meno. Kahawia, kahawia, kahawia. Kulikuwa na kisima kimoja, kimechimbwa karibu na shule, maji safi ya kung'aa, na kijiji kizima kilikunywa hapo.

Nilimwomba aje. Mwalimu mkuu aliwaita wazazi, wakajaa darasani, wengine wakasimama nje madirishani. Daktari aliamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka," wakamwitikia kwa furaha, wakamwona ni wa kwao. Alipoeleza habari za floraidi kwenye dawa ya mswaki, jinsi inavyorudisha jino linaloanza kuoza, mzee mmoja aliyekaa mbele akanyanyua mkono.

"Daktari, na hii kutu ya watoto wetu itaondoka kwa dawa hiyo?"

Daktari alisogea katikati ya darasa. Kisha akafanya jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya mbele ya watu: alifungua mdomo wote, akavuta midomo kwa vidole, akazunguka taratibu ili hata wa madirishani waone.

"Ingekuwepo dawa, ningeanza na haya."

Wakacheka sana. Na yeye akacheka. Lakini kicheko kilipokwisha ikabidi aseme yaliyobaki, na hayo hayakuchekesha. Kilichoharibu meno ya watoto wao, alisema, ni floraidi hiyo hiyo. Iko kwenye maji ya kisima kile, nyingi kupita kiasi. Ikiwa kidogo juu ya jino lililokwisha kuota, inaponya. Ikiwa nyingi tumboni mwa mtoto mdogo, wakati jino lake la ukubwani bado linajijenga ndani ya fizi, jino linatoka limeshaharibika rangi, na hakuna dawa ya mswaki ya kulirudisha. Kwa hiyo watoto wadogo wa pale wasipewe kabisa dawa ile, maana watameza na kuongeza juu ya iliyopo.

Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alisimama. Nilimfahamu, binti yake mkubwa alikuwa darasani kwangu na hakupenda kusoma kwa sauti kwa sababu ya meno yake.

"Sasa baba, wewe umekuja kufanya nini?"

Hakuuliza kwa ubaya. Alitaka kujua.

"Nimekuja kuwaambia, mayu, mama yangu, hawa wadogo wasinywe maji ya kisima hiki. Wapewe ya mvua, au ya mahali pengine."

"Mahali pengine ni wapi?"

Daktari alitazama nje dirishani. Kilikuwa kiangazi. Kutoka pale mpaka upeo wa macho hapakuwa na kitu ila mbuga ya udongo mweusi uliopasuka, na uzio wa minyaa kuzunguka miji ya watu.

"Sijui," alisema.

Yule mama akaketi. "Wabeja," alisema, asante, kama desturi inavyotaka.

Tukiwa njiani kurudi mjini, juu ya lori la pamba, alinigeukia tulipoanza kuona taa. "Mwalimu, umeona? Mjini floraidi naitafuta kwa tochi. Kule inawatoka puani." Barua za kuomba kisima kingine ziliandikwa, mimi mwenyewe niliandika baadhi. Nilipohama pale watoto walikuwa bado wanakunywa kilekile.

*

Kisha ikaja ile miaka ambayo maduka yalibaki na rafu tupu. Wenye umri wangu hawahitaji kuambiwa. Sabuni hakuna, sukari kwa foleni, na dawa ya mswaki ikawa kitu cha kusimuliwa. Watu walirudi kwenye miti ya mswaki, na Daktari hakuwakataza. Alisema mti ukitumiwa vizuri unasafisha vizuri. Akatengeneza na unga wake wa chokaa laini na chumvi kidogo, akawa anawagawia akina mama kwenye vikaratasi vilivyokunjwa. Kila aliyempa alimwambia jambo lilelile, na wengi walidhani anatania: "Huu unasafisha tu. Hauponyi. Kile cha kuponya hakimo."

Nilimuuliza kwa nini anawavunja moyo. Si angewapa tu?

"Nikiwaambia unaponya, mtoto atakuja na shimo na mama atasema, mbona nilisugua? Nitamjibu nini?"

Na katika miaka hiyohiyo mwanangu wa pili, Masanja, akaanza kuota meno.

Mume wangu ni Msumbwa wa Ushirombo, na mama yake alikuja kutusaidia kulea. Alikuja na debe la asali ya kwao, asali ya porini, nyeusi, tamu kupita kiasi. Mtoto akilia usiku, bibi alichovya kidole na kumpaka ulimini. Mtoto alinyamaza, sisi tukalala. Mimi nilikuwa nikiamka alfajiri kwenda shule, na nilimshukuru Mungu kwa ajili ya mkwe wangu na debe lake.

Siku moja, namuogesha Masanja juani, alicheka, na meno yake ya mbele yakakauka kwa upepo. Nikaona. Si doa moja kama la dada yake. Yote manne ya juu yalikuwa na mstari mweupe kando ya fizi, kama yaliyochorwa kwa chaki.

Nilimpeleka kwa Daktari hata kabla ya kumvika shati. Alitazama muda mrefu.

"Analala na nini mdomoni?"

"Asali."

"Ya Ushirombo?"

"Ndiyo."

Akavuta pumzi. "Ni asali nzuri sana ile," alisema kwa masikitiko, kama mtu ambaye rafiki yake analaumiwa. Kisha akasema, "Bado mapema, Mwalimu," na kwa mara ya kwanza neno hilo halikunifurahisha, maana wote wawili tulijua kinachotakiwa, na wote wawili tulijua hakipo. Bibi aliacha asali. Alilia alipoelezwa, masikini, alidhani tunamwita mchawi. Nilimsugua mtoto kwa unga wa chokaa. Mume wangu aliuliza kwa kila dereva aliyemjua. Mimi niliuliza kwa walimu wenzangu, kwa wafanyabiashara wa sokoni, wale wenye asili ya pwani ambao zamani hawakukosa kitu. Mmoja wao, mzee mstaarabu, aliniambia, "Mwanangu, hata mimi mwenyewe napiga mswaki kwa mkaa."

Likizo ilipofika nilimrudisha mama mkwe kwao Ushirombo, Masanja nikiwa naye. Tulipopanda basi la kurudi Shinyanga, nani yuko kiti cha nyuma? Daktari wa Meno, na boksi mapajani, amelikumbatia kwa mikono yote.

Alikuwa amemsikia mfanyabiashara mmoja anayepata bidhaa kutoka ng'ambo ya mpaka. Amechukua ruhusa kazini, amekuja, amenunua. Alinifungulia pembe ya boksi kidogo nikachungulia. Tyubu, zimepangwa kama samaki. Zimeandikwa kwa Kifaransa, lakini neno lile alikuwa amelitafuta na kuliona, akaniwekea kidole juu yake. Macho yake yaling'aa. "Moja ya Masanja," alisema. "Nyingine nimeshazigawa kichwani. Najua kila mtoto na jino lake."

Nikamwambia anipe ya kwangu sasa hivi. Akasema tukifika, asifungue boksi njiani likatawanyika. Alikuwa mtu wa utaratibu.

Hatujafika mbali tukakuta kizuizi. Mgambo walipanda, wakapekua mizigo. Ulikuwa wakati wa kuwasaka walanguzi, na watu walikuwa wakitupa sukari yao vichakani kwa hofu. Kijana mmoja akafika nyuma, akaligusa boksi kwa fimbo.

"Mzee, hii ni nini?"

"Dawa ya mswaki."

"Yote hii? Ya nani?"

"Ya watoto."

"Una watoto wangapi wewe?"

Daktari hakuwa mtu wa kujua wakati wa kudanganya. "Wote," alisema.

Basi zima likacheka. Kijana yule aliona amefanywa mjinga. Alimshika ukosi wa shati akamshusha, boksi likateremshwa baada yake. Nilisimama, Masanja mkononi. Nilisema huyu ni daktari wa meno wa hospitali, namfahamu, ni jirani yangu, hizo si za kuuza. Nilisema kwa sauti kubwa, ile ya darasani. Mkubwa wao akaja akaniuliza kwa upole kabisa, "Mama, una hati ya bidhaa hizi?" Sikuwa nayo. "Basi kaa. Ukiendelea, na wewe utashuka na mtoto."

Nikaendelea. Nilimfungua Masanja mdomo nikamwonyesha ile mistari meupe. Alitazama, na nadhani alitaka kweli kuelewa. "Mbona meno ya mtoto ni meupe, mama?" alisema. "Yana ubaya gani?"

Dereva akawasha gari. Niligeuka kwenye kioo cha nyuma nikamwona Daktari amesimama kando ya barabara, mikono imeachwa ikining'inia, hajui aiweke wapi sasa ambapo hana cha kushika.

Aliachiwa baadaye, mganga mkuu alipokwenda mwenyewe kumsemea. Boksi halikurudi; walioulizia waliambiwa bado linachunguzwa. Mtaani wapo waliomwita mlanguzi wa dawa ya mswaki, na watoto wakalifanya wimbo. Hakujitetea. Alirudi kazini, akaendelea kukunja vikaratasi vyake vya chokaa.

Nilipompeleka Masanja tena, ile mistari ilikuwa imegeuka rangi, na meno mawili yalikuwa yamekatika kando ya fizi. Fizi imevimba. Hakuwa amelala siku kadhaa.

"Kwenu mna ng'ombe?" Daktari alimuuliza.

"Hatuna."

"Na kuku?"

"Walikufa," alisema Masanja.

Daktari akaniangalia. "Tumechelewa, Mwalimu," alisema. Aliyang'oa yote manne. Ganzi ilikuwapo, hilo nashukuru. Nilimshika mtoto kichwa, na niliona kwamba mikono ya Daktari ilisubiri kidogo kabla ya kila jino.

*

Tulihamia Geita mume wangu alipobadilishiwa kituo. Kufikia wakati huo maduka yalikuwa yameanza kujaa tena, na dhahabu ilikuwa imewavuta vijana kutoka kila upande, wanafukua maduara, yale mashimo ya machimbo, porini. Nilisikia kwamba Daktari wa Meno amestaafu na yuko huko huko machimboni. Nikamtafuta.

Nilimkuta kwenye kibanda cha mabati, kiti kimoja cha mbao chenye mgongo mrefu, beseni, taa ya karabai ikining'inia. Alikuwa amezeeka ghafla. Alisimama, akaniamkia kwa furaha, akauliza habari za Kabula na za Masanja. Nikamwambia Masanja ameota meno ya ukubwani, mazima. Akaitikia kwa kichwa mara nyingi.

Ng'ambo ya njia palikuwa na duka, na kwenye dirisha lake dawa za mswaki zimepangwa mpaka juu, za rangi zote. Nikamwonyesha. "Daktari, zimejaa sasa."

"Nimeziona. Nimesoma maboksi yote. Nyingine zina floraidi, nyingine hazina. Muuzaji hajui tofauti, na mnunuzi anachagua rangi."

"Si uwaambie?"

"Nawaambia. Wananiletea mtoto jino likishauma. Nikisema waje likiwa bado jeupe, wanacheka. Halafu maji ya huku, Mwalimu, mimi sijui yana nini. Hakuna aliyeyapima. Naogopa kuwaambia wawape nyingi, naogopa kuwaambia wasiwape." Alikaa. "Shinyanga angalau nilijua mahali pa ubaya."

Nilikuwa sijamuuliza anaishi kwa kazi gani, jibu lilipoingia lenyewe. Kijana mchimbaji, vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi, na redio mpya begani. Alifungua kiganja akaonyesha kipande cha dhahabu kilichopigwa kikawa bapa.

"Mzee, leo nimeleta. Niwekee hapa mbele."

Daktari alimkalisha, akamfuta jino kwa pamba, akamgeuzia mwanga. Alitazama kwa muda mrefu kuliko kazi ile ilivyohitaji. Na mimi nilitazama. Sijaona meno mazuri kama yale maishani mwangu.

"Kijana, meno yako hayana hata doa. Mwenyewe unajua?"

"Najua, mzee."

"Ili dhahabu ikae, lazima nilikwangue jino kuzunguka. Ganda lile likiondoka halirudi. Hakuna dawa ya kulirudisha."

"Sawa. Kwangua."

"Si urudi nyumbani na dhahabu mfukoni? Ununue ng'ombe."

Kijana akacheka. "Ya mfukoni nitaibiwa. Mzee, kama hutaki, kuna mwingine kule chini anaweka. Yule hata hanawi mikono."

Daktari aligeukia beseni. Alinawa mikono yake, polepole, mpaka viwiko. Akafungua kitambaa, akachukua tupa ndogo, akaishikilia juu ya moto wa spiriti. Kisha akasema bila kunitazama, "Mwalimu, kakae nje kidogo. Sauti yake si nzuri."

Nikatoka, nikasimama chini ya ukingo wa mabati, juani. Tupa ilianza taratibu. Ikasimama, kama vile aliyeishika amebadili nia, nikageuka kutazama mlangoni. Kisha ikaendelea.